Hawe Hesabu: Mwalimu Aliyeigeuza Fimbo Kuwa Rula

Haya ni maneno yaliyosomwa katika hafla ya kumkumbuka mwalimu mstaafu wa hesabu, kwenye uwanja wa shule ya msingi aliyofundisha eneo la Kaloleni, Kaunti ya Kilifi. Kwa ombi la familia, majina ya marehemu na ya wajukuu wake hayachapishwi.

 

Walimu wenzake walimwita Mwalimu. Kina mama wa chama chake walimwita Dada. Lakini jina lililoshika ni lile alilopewa na watoto uzeeni: Hawe Hesabu. Hawe ni nyanya kwa Kigiriama, na wajukuu wa damu walikuwa sehemu ndogo tu ya waliomwita hivyo. Mtoto yeyote aliyepita uani kwake akiwa na daftari aliulizwa swali moja kabla ya kupewa maji ya kunywa.

Alianza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Desemba 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba karo imeondolewa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, na Januari 1974 shule zikafurika. Darasani kwake watoto walikaa sakafuni, wengine wakasimama dirishani. Vitabu havikutosha, chaki ilikatwa vipande. Yeye alikuwa msichana mbichi aliyetoka chuoni, na alifundisha kama alivyofundishwa, yaani kwa fimbo.

Hilo hakulificha maishani mwake, na familia imeomba lisifichwe leo. Kila asubuhi watoto walikariri jedwali la kuzidisha, na aliyekosea alichapwa. Kulikuwa na kijana wa darasa la sita aliyekosea jedwali la saba na la nane wiki baada ya wiki. Siku moja hakuja shuleni. Ya pili hakuja. Mwalimu akaandika kwenye rejista kwamba ameacha masomo, na mambo yakaishia hapo.

Miaka michache baadaye, Mwalimu alishuka kwenye matatu pale Mariakani akamkuta kijana yule stejini akiuza madafu. Abiria walikuwa wamemzunguka, huyu anataka matatu, yule matano, kila mmoja na noti yake mkononi na dereva anapiga honi. Kijana alipokea, akajumlisha, akarudisha chenji, wala hakukosea hata senti. Alipomwona mwalimu wake alimkatia dafu na kukataa pesa. Mwalimu alisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kukiri kwamba aliyekuwa amefeli hesabu si kijana yule.

Aliporudi shuleni, fimbo hakuitupa. Aliilainisha, akaipima, akaitia alama za sentimita kwa msumari wa moto. Ikawa rula ya ubaoni. Serikali ilipopiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, fimbo ya Hawe Hesabu ilikuwa imemaliza miaka mingi bila kumgusa mtoto. Ipo hapa leo juu ya meza, kando ya picha yake.

Tangu siku ile alianza kufundisha kwa vitu ambavyo mtoto anavijua. Kugawanya kulifundishwa kwa lundo la maembe. Sehemu zilifundishwa kwa nazi. Aliyeshindwa na jedwali la tisa aliambiwa anyooshe vidole vyote kumi. Ukitaka tisa mara saba, unakunja kidole cha saba kutoka kushoto. Vilivyobaki kushoto ni sita, kulia ni vitatu, na jibu ni 63. Wengi waliokusanyika hapa bado wanahesabu hivyo kimyakimya wakiwa dukani.

Alikuwa pia na kamba yake. Kamba ile ilikuwa na vipande 12 vilivyolingana, vikitenganishwa na mafundo. Aliwatoa wanafunzi nje, wakaivuta kwa vigingi vitatu: upande mmoja vipande vitatu, wa pili vinne, wa tatu vitano. Kona iliyotokea kati ya upande wa vipande vitatu na ule wa vipande vinne ni kona mraba, isiyokosea. Kisha akawarudisha darasani waone sababu: tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, ukijumlisha unapata 25, ambayo ni tano mara tano. Mafundi kadhaa wa ujenzi wa eneo hili walijifunza kupima msingi wa nyumba kwa kamba hiyo, na hadi leo wanaitumia.

Elimu ya msingi bila malipo iliporejea Januari 2003, alikuwa karibu kustaafu. Madarasa yakafurika tena, naye akasema ameanza na kelele na anamaliza na kelele. Wakati huo watumishi wa umma walistaafu wakiwa na miaka 55, kabla umri huo haujaongezwa hadi 60 mwaka 2009. Alirudi nyumbani akitarajia kupumzika na kupalilia minazi yake.

Hakupumzika. Binti yake alifariki na kuacha watoto watatu, mdogo akiwa bado hajaingia chekechea. Nyanya akaanza ulezi upya. Usiku waliketi wote kuzunguka koroboi moja, na yeyote aliyesema hajui hesabu aliambiwa aseme vizuri: hajajua bado.

Uani hapo hapo ndipo kina mama wa chama walipopata msaada. Mmoja wao alikuja na furaha kwamba amepata mkopo wa shilingi 5,000 kwa riba ya asilimia 10 tu. Hawe Hesabu alimuuliza kama ni asilimia 10 kwa mwaka au kwa mwezi. Mama hakujua. Walipouliza, ikawa ni kwa mwezi. Akaokota kijiti na kuandika mchangani: asilimia 10 ya 5,000 ni 500. Shilingi 500 mara miezi 12 ni 6,000. Kwa hiyo, kama mama yule angelipa riba tu mwaka mzima, angetoa 6,000 na bado angedaiwa zile 5,000. Mkopo haukuchukuliwa. Tangu hapo chama kile hakikopi popote kabla ya kuuliza swali hilo.

Lakini hesabu kubwa kuliko zote aliifanya kwa ajili ya mjukuu wake wa kwanza. Msichana huyo alipata mimba akiwa darasa la nane, na umri wake ulikuwa miaka 16. Wajomba walikuja na shauri la kumwoza. Walisema ameshaharibikiwa, na shule ni gharama. Nyanya aliwaketisha, akawapa chai, akachukua kijiti chake. Msichana ana miaka 16. Amebakiza mwaka mmoja wa shule ya msingi na minne ya sekondari, jumla mitano. Mungu akimjalia kufika miaka 70, amebakisha miaka 54 ya kuishi. Mitano katika 54 haifiki hata sehemu moja ya kumi. Akawauliza wajomba ni nani kati yao aliye tayari kuharibu sehemu tisa kwa kukataa kungoja moja. Chai ilinywewa kimya, na ndoa haikuzungumzwa tena.

Mtoto alipozaliwa, nyanya alimbeba mgongoni. Mama yake alirudi darasani. Kila saa ya mapumziko nyanya alionekana akikata njia ya shambani kuelekea shuleni ili mtoto anyonye. Watu walicheka, kisha wakazoea, kisha wengine wakamfuata kumuuliza walivyofanya, maana nao walikuwa na mabinti nyumbani.

Msichana yule alimaliza kidato cha nne, akasomea ualimu wa chekechea, na leo anafundisha watoto wadogo. Darasani kwake kuna kopo la vifuniko vya soda alivyoachiwa na nyanya yake, vya kuhesabia. Yule mtoto aliyebebwa mgongoni yuko hapa pia, amevaa sare ya shule. Ndiye aliyeombwa na familia kuibeba rula hii kutoka nyumbani.

Wananchi wa kaunti hii, kumkumbuka mwalimu huyu kusiishie kwenye machozi. Sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni imekuwapo nchini tangu 1994, na mwongozo wa kitaifa wa kuitekeleza ulitolewa mwaka 2020. Mzazi asiambiwe kwamba binti yake hana nafasi tena. Kumwoza aliye chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, hata kama ukoo mzima umekubaliana.

Pia ifahamike nani anashughulikia nini. Walimu wa shule za msingi na sekondari za umma huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Mzazi mwenye mtoto wa umri wa chekechea ambaye bado yuko nyumbani asisubiri. Ampeleke, kwa kuwa hapo ndipo kuhesabu kunapoanza.

Na kwa watoto wote waliokuja leo na madaftari yenu: kama kuna hesabu iliyokushinda, usiseme hujui. Sema hujajua bado, halafu umtafute wa kumuuliza.

Mungu ailaze roho ya Hawe Hesabu mahali pema peponi, na aipe familia yake subira.