Nishani ya Chui Imekwisha, Utumishi Haujaisha

(Hotuba iliyosomwa Kibenga, Bujumbura, kwa niaba ya walimu wakimbizi, siku ya kumaliza matanga ya mzee wetu muuguzi. Kamati imeomba ichapwe katika toleo hili la kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni.)

 Mama mjane na watoto wa marehemu, tunawapa pole kwa mara nyingine.

Sisi walimu tumeombwa tuseme machache. Maisha ya marehemu wengine wamekwisha kuyaeleza vizuri kuliko sisi. Tutasema juu ya jambo moja lililotugawa wakati wa msiba, nalo ni ile medali.

Wengi mlikuwapo. Siku ya kuaga, kijana wake mkubwa alifungua sanduku, akatoa kitambaa kilichofungwa mafundo, na ndani yake mlikuwa na medali ya Nishani ya Taifa ya Chui, daraja la Chevalier. Akasema angependa iwekwe juu ya jeneza la baba yake. Hapo maneno yakaanza. Mzee mmoja alisimama akasema: "Hiyo ni alama ya Mobutu. Kaka yangu alichukuliwa usiku na watu wa Mobutu, hatukurudishiwa hata viatu vyake. Mbele ya huyo chui mimi siinami." Mwingine akajibu kwamba marehemu aliipata kwa jasho lake, hakumwibia mtu. Na vijana wetu waliozaliwa ukimbizini wakaulizana: "Chui gani?"

Kwa kuwa vijana wameuliza, na sisi kazi yetu ni kufundisha, tuanze na swali lao.

Nchi yetu imejaribu mara nyingi kuwapa heshima watumishi wake, na kila mara anayetoa heshima amekuwa na lake moyoni. Mfalme Leopold wa 2 wa Ubelgiji alianzisha Nishani ya Nyota ya Afrika mwaka 1888, kisha Nishani ya Simba wa Kifalme mwaka 1891. Zilikuwa za kuwatuza waliotumikia Kongo. Lakini Kongo ile ilikuwa mali yake mwenyewe, na babu zetu waliolazimishwa kuchuma mpira wa msituni hawakuulizwa nani alikuwa amewatumikia. Mwaka 1908 Ubelgiji ilipoichukua Kongo, ilizichukua na nishani hizo. Leo hazitolewi tena.

Mwaka 1948 wakoloni walileta kadi ya ustahili wa kiraia kwa Mwafrika aliyejua kusoma na kuandika, mwenye mwenendo mwema, asiye na wake wengi, asiyefuata uchawi. Walimu, makarani na wauguzi ndio walioihangaikia zaidi. Mtu mzima mwenye watoto alipimwa tabia kama mwanafunzi wa bweni, na akiisha kuipata, bado Mzungu wa cheo kidogo alimzidi kwa mshahara na kwa heshima. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, kadi hiyo ikabaki kuwa karatasi.

Mobutu akatwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka uliofuata, 1966, akaanzisha Nishani ya Taifa ya Chui. Raia na askari wote waliweza kuipata, wenyeji na wageni, kwa madaraja kuanzia Chevalier hadi Grand Cordon. Chui alikuwa mnyama wa Mobutu mwenyewe: alimvaa kichwani katika kofia yake, na timu ya taifa iliitwa Chui, ile iliyotwaa Kombe la Afrika mwaka 1974 na kwenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi mwaka huo huo. Kwa hiyo aliyevishwa nishani ile alivishwa shukrani ya taifa na alama ya mtu mmoja kwa pini moja, na hakuna aliyeweza kuvitenganisha.

Tusiseme kwamba wote walioivaa walikuwa wezi. Wapo walioipata kwa kupiga makofi, na wapo walioipata kwa kufanya kazi. Ila tunakumbuka wazazi wetu walivyosimulia: mkuu alishuka na medali kifuani, mwalimu alipanda darasani na njaa tumboni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa haiwalipi tena walimu mshahara wa kuwatosha, na wazazi ndio waliochanga fedha ili shule zisifungwe. Watu wakasema tumebakiwa na Kifungu cha 15 tu, yaani jitafutie. Wazazi wale waliouza mihogo na samaki ili walimu wabaki darasani, hatukusikia kwamba kuna aliyewavisha Chui.

Tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa. Zaire ikawa tena Kongo, bendera ikabadilika, na Chui akaanguka pamoja na mwenyewe. Mwaka 2002 serikali ikaweka nishani nyingine, ya Mashujaa wa Taifa Kabila-Lumumba. Hata timu ya mpira ilipewa jina la Simba, mpaka mwaka 2006 ilipolirudia jina la Chui. Chui wa uwanjani alirudi. Chui wa kifuani hakurudi.

Vijana wetu, chui ni huyo. Sasa tumrudie mzee wetu.

Marehemu hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, naye tulimwita Munganga kama wanavyoitwa kwetu. Kipindupindu kilipofika kando ya ziwa mwaka 1978, alikuwa kijana. Alitusimulia jinsi walivyolaza wagonjwa chini ya miembe kwa sababu vitanda viliisha, na jinsi alivyokwenda kijiji kwa kijiji kwa mtumbwi akiwaomba watu wachemshe maji, nao wakimfukuza kwa kudhani ndiye anayeuleta ugonjwa. Nishani alipewa miaka kadhaa baadaye, katika sherehe ya watu wengi, na aliyembandika hakumuuliza jina la kijiji chake. Hayo aliyasema mwenyewe, akicheka.

Vita ilipofika Uvira mwezi Oktoba 1996, medali ile ikawa hatari. Nyumba iliyokutwa na kitu cha Mobutu iliweza kuhesabiwa ya Mobutu. Mama mjane ametuambia kwamba aliificha ndani ya unga wa mihogo. Kitu kilichotolewa kuwa heshima kikafichwa kama bangi! Na walipovuka mpaka kuja Gatumba, hawakuitoa mpaka walipopata chumba cha kupanga hapa Kibenga.

Hapa Bujumbura mzee alitafuta kazi. Alikwenda katika ofisi moja ambayo hatuitaji, wakamwomba shahada yake ya uuguzi. Shahada ilikuwa imeungua pamoja na nyumba. Akawa hana la kuonyesha ila medali, akaifungua kitambaa chake mezani. Kijana aliyekuwa nyuma ya meza akaitazama, akamwambia: "Mzee, hii ni ya nchi ambayo haipo." Mzee akaifunga tena, akarudi nyumbani kwa miguu. Alitusimulia jambo hilo mara moja tu, na siku hiyo hakucheka.

Lakini katika mfuko wake wa kukimbilia mlikuwa na kitu kingine, nacho wengi wenu mnakifahamu. Ni daftari la jalada gumu, lililoliwa na mchwa upande mmoja. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika humo kila mtoto aliyezaliwa zahanati: tarehe, jina la mama, jina la kijiji, mtoto wa kike au wa kiume, uzito pale mizani ilipokuwapo. Daftari rasmi la zahanati liliporwa. Hili lilikuwa nakala aliyoiandika usiku kwa hiari yake.

Akina mama, ninyi mnajua zaidi yetu. Mara ngapi mlitoka kambini, au mlituma ujumbe, ili Munganga atazame tarehe aliyozaliwa fulani? Sisi walimu tulimwendea kwa ajili ya wanafunzi waliokataliwa kufanya mtihani kwa kukosa tarehe ya kuzaliwa. Alivaa miwani, akapekua kwa kidole, akasoma: huyu alizaliwa siku ya mvua kubwa, mama yake ni fulani. Kisha akaandika ushuhuda, akatia sahihi. Haukukubaliwa kila mahali. Lakini wapo watoto wanaosoma leo kwa sababu yake, na wengine wamekaa hapa mbele yetu.

Sasa mnakumbuka ubishi ulivyokwisha. Mama mjane aliinuka, akaichukua medali, akairudisha katika kitambaa. Kisha akaleta daftari, akaliweka juu ya jeneza. Yule mzee aliyesema hainami mbele ya chui, tulimwona akisogea, akaliinamia daftari. Mke wake aliwazaa watoto wanne katika zahanati ile.

Ndugu zetu, sisi hatukumlaumu yule kijana aliyeitoa medali, wala hatukumlaumu mzee aliyeikataa. Mmoja alitetea kazi ya baba yake, mwingine alitetea damu ya kaka yake. Kosa ni la heshima iliyofungwa kwenye mti mmoja, mti ukianguka na yenyewe imelala chini. Kwa hiyo tusiseme mambo ya Mobutu yamekwisha tukalala. Yako kwetu pia. Nani hapa hana fulana ya mradi uliofungwa? Tumevaa alama za mashirika yaliyotuita wahamasishaji, walinzi wa maji, walimu wasaidizi. Mradi ukafungwa, mkuu wake akahamishwa, fulana ikawa ya kulimia. Ukienda kwingine ukasema ulifundisha miaka sita kambini, unaulizwa: karatasi iko wapi? Hapo unakuwa kama mzee wetu na medali yake, unayo alama ya nchi ambayo haipo.

Kwa sababu hiyo sisi walimu tunaleta maombi matatu, na tunaomba yaandikwe katika kumbukumbu za Kamati.

La kwanza ni kwa Kamati. Tufungue Daftari la Utumishi. Kila anayewahudumia wenzake apewe ukurasa: jina, kazi, alianza lini, aliacha lini. Mashahidi wawe watu watatu waliohudumiwa naye, si wakubwa wake wa kazi tu. Wawemo wakunga wa jadi, wanaochimba makaburi, wanaopatanisha ndoa usiku, wanaokesha kwenye bomba la maji. Pasiwe na madaraja, wala pasiulizwe mtu ni wa kabila gani au alikuwa chama gani. Ziandikwe nakala mbili, moja ya Kamati na moja ya mwenyewe, nazo zifungwe kwenye plastiki, maana mvua ya huku tunaifahamu.

La pili ni kwa ndugu zetu wa mashirika. Hatuwaombi medali. Tunaomba kwamba kabla mradi haujafungwa, kila aliyefanya kazi, hata wa motisha ndogo, apewe barua yenye tarehe, aina ya kazi, sahihi na muhuri. Ni kazi ya mchana mmoja kwa karani mmoja. Kwa mkimbizi barua hiyo inaweza kuwa chakula cha miaka kumi, huku au nchi nyingine, au nyumbani siku Mungu akitujalia kurudi.

La tatu ni kwetu sote. Kila tarehe 20 Juni, kabla ya ngoma na mpira, zisomwe kwa sauti kurasa chache za daftari hilo, na waliohudumiwa wasimame. Burundi, nchi iliyotupokea, inamkumbuka Prince Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Kila mwaka watu wanapanda kaburini kwake, ingawa tangu afe ufalme wenyewe uliondolewa mwaka 1966 na tawala nyingi zimepita. Anakumbukwa kwa sababu wapo wanaosimama kumkumbuka. Nasi tusiwaachie mkubwa wa mbali kazi ya kuwakumbuka wetu.

Kuhusu medali, mama mjane ametuambia ataitunza, na watoto wake wakiuliza atawaeleza yote mawili: baba yao alifanya nini, na aliyeitoa alifanya nini. Sisi tunaona ni jibu la haki. Daftari la uzazi amelikabidhi kwa walimu tulinakili upya kabla mchwa hawajamaliza. Tumekwisha kunakili kurasa 40. Mwenye mwandiko mzuri na saa moja ya jioni, aje atusaidie.

Mwenye kazi amelala, kazi yake iko mikononi mwetu. Mungu amlaze pema.