Anayekataa Chakula Asihukumiwe, Atibiwe



Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Yapo maradhi ambayo hufichika kwa namna ya peke yake, kwani mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakubali kwamba anaumwa, na jamaa zake hawaamini kwamba jambo hilo ni ugonjwa. Hayo ni maradhi ya mtu kujinyima chakula hali chakula kipo, au kula kwa pupa kupita kiasi kisha kujitapisha kwa siri.

Katika nchi ambayo wazee wake wanaijua njaa ya ukame, na ambayo zahanati zake zimepigana kwa miaka mingi na utapiamlo wa watoto, si ajabu habari hizo zikapokewa kwa hasira. Binti wa sekondari anayeisukuma sahani kando huambiwa kwamba anaringa, kwamba ameiga Uzungu, au kwamba amepagawa. Huyu atamcheka, yule atamgombeza, na mwingine atashauri apelekwe kupungwa. Hukumu hiyo ni ya haraka, nayo ina makosa. Tena ina hatari, kwa sababu maradhi haya ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua watu wengi zaidi.

Kwanza, ugonjwa huu si wa juzi. Mwaka 1873 daktari William Gull wa London na daktari Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa njia yake, walieleza habari za wasichana waliokonda mno bila ya kuwa na kifua kikuu wala ugonjwa mwingine wa mwili uliojulikana. Gull ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la anoreksia nevosa. Mwaka 1979 daktari Gerald Russell, naye wa London, aliueleza ule wa kula kwa pupa na kujitapisha, akauita bulimia nevosa. Siku za Gull hapakuwa na sinema wala televisheni. Kwa hiyo anayedai kwamba picha za kigeni ndizo chanzo pekee anakosea. Urithi wa kuzaliwa, tabia ya mtu, misukosuko ya maisha na mazingira ya jamii, yote hayo huchanganyika. Wanaume nao huugua, ingawa wengi wa wagonjwa wanaojulikana ni wanawake vijana.

Hata hivyo, mazingira yana nguvu kubwa, na ushahidi wake umetoka katika visiwa vya Fiji. Mapokeo ya Wafiji huusifu mwili ulionawiri. Mpita njia huitwa aje ale, kama vile Mswahili asemavyo "karibu chakula", na mtu akianza kukonda, jamaa hushtuka. Televisheni ilifika wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Mtaalamu Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwachunguza wasichana 63 wa sekondari mwaka huo, majuma machache tu baada ya televisheni kufika, kisha wakawachunguza wengine 65 mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema kwamba alijitapisha ili apunguze uzito. Mara ya pili asilimia 11.3 walikiri. Asilimia 74 walisema kwamba wamewahi kujiona wanene mno. Baadhi yao walieleza wazi kwamba walitaka kufanana na waigizaji wa kigeni, wakiamini kwamba wembamba ungewasaidia kupata kazi.

Mkoloni wa zamani alihitaji bunduki na kodi ya kichwa. Kasumba hii mpya ilihitaji kioo na miaka mitatu. Na hapana budi ieleweke kwamba anayemfundisha binti auchukie mwili wake, aghalabu ana kitu cha kumwuzia. Tanzania nayo haiko mbali na jambo hilo. Utafiti uliohusu wanawake wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, uliona uhusiano kati ya kufikiwa na vyombo vya habari vya Magharibi na dalili za maradhi haya. Leo picha hizo zimo katika simu ya mkononi, na mtoto hulala nazo.

Pili, ni vema ifahamike kwa nini amri ya "kula basi!" haitoshi. Katika miaka ya 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani kilifanya jaribio chini ya uongozi wa Ancel Keys. Vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao, walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita, hata wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana hao hawakuwa na ugonjwa wa akili. Lakini njaa ilipowakaza, walikuwa wakiwaza chakula mchana na usiku, wakisoma vitabu vya mapishi, wakilamba sahani, wakihisi baridi, wakiwa na hasira na huzuni, na wakijitenga na wenzao. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula bila ya kutosheka. Funzo lake ni kubwa. Njaa yenyewe huipinda akili. Mtu aliyeanza kwa kujinyima kidogo hufungwa na njaa ile ile aliyoianzisha, na kufuli hiyo haifunguliwi kwa matusi.

Madhara ya mwili nayo si madogo. Anayejinyima hukatikiwa na hedhi, mifupa yake hudhoofika, na moyo wake hupiga polepole. Anayejitapisha huozesha meno kwa asidi ya tumbo, na hupoteza madini ambayo moyo huyahitaji ili udunde sawasawa, hata akaweza kufa ghafla bila ya kuonekana amekonda. Aidha, aliyekonda mno asilazimishwe kula chakula kingi kwa mara moja, maana mwili uliozoea njaa huweza kushtuka na kumwua. Aanze kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari.

Je, mgonjwa hupona? Naam, hupona, lakini safari ni ndefu. Huko Boston, Marekani, wanawake waliougua walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Baada ya miaka 9, waliopona anoreksia hawakuzidi theluthi moja. Baada ya miaka 22, walikuwa karibu theluthi mbili, na waliopona bulimia walizidi kidogo theluthi mbili. Maana yake ni kwamba hata aliyeugua miaka kumi hajapotea. Katika safari hiyo wengi huanguka tena. Ndipo waambiwe kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kwa vijana, tiba iliyothibitika zaidi huwaweka wazazi katikati ya kazi. Wao ndio huketi mezani na mtoto, mlo baada ya mlo, kwa upole na kwa uthabiti, wakisaidiwa na mtaalamu. Jambo hilo si geni kwa Mwafrika, ambaye tangu hapo huamini kwamba sinia ni la watu wote. Mzazi anayemwona mwanawe akienda msalani kila baada ya kula, au akivaa nguo pana ili kuficha mifupa, asingoje. Mwalimu asiwapime wanafunzi uzito hadharani wala kuwatania kwa maumbile yao. Mganga wa zahanati amwulize mgonjwa faraghani, bila ya kumkemea.

Taifa lililotangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini halikuchagua maradhi ya kupigana nayo. Binti anayekufa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa ni mwananchi kama wengine, na deni la kumwokoa ni la watu wote.