Selo, Kambi na Mamlaka ya Kamanda



Novemba 1970, kijana mmoja wa jeshi la Uholanzi, aliyeitwa kwa mujibu wa sheria, alichelewa kuripoti kazini kwa saa nne hivi. Gari lake lilikuwa limeharibika akiwa mapumzikoni, naye akangoja litengenezwe badala ya kupanda treni ya kwanza. Akapewa kizuizi cha siku nne. Je, alinyang'anywa uhuru wake? Raia yeyote angejibu ndiyo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika hukumu ya Engel na wenzake ya tarehe 8 Juni 1976, ilijibu hapana.

Sheria ya nidhamu ya jeshi hilo, ya mwaka 1903, ilipanga vizuizi kwa ngazi. Katika kizuizi chepesi askari hakutoka kambini baada ya kazi, lakini hakufungiwa. Katika kile kizito kidogo, saa za mapumziko alikaa mahali maalumu na wenzake walioadhibiwa, mlango bila kufuli, na kazi zake aliendelea nazo. Kizuizi kikali kilikuwa selo, usiku na mchana, bila kazi. Juu ya hapo kilikuwapo kikosi cha nidhamu, miezi mitatu hadi sita, tena kwa askari wa vyeo vya chini tu. Majaji waliona tofauti hiyo ya vyeo haivunji Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Mimi sijaridhika nayo hadi leo.

Hoja ya Mahakama ilikuwa hivi: maisha ya kambini yana mipaka yake, na amri ambayo kwa raia ingekuwa kifungo, kwa mwanajeshi huenda ni ratiba ya kawaida. Adhabu inageuka kuwa kunyimwa uhuru pale inapomtoa askari nje ya maisha hayo ya kawaida. Selo inamtoa.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi. Dola ikiita kosa "la kinidhamu", je, inaweza kumkosesha mtuhumiwa haki za kesi ya jinai? Mahakama ikaweka vipimo vitatu: jina ambalo sheria ya nchi imelipa kosa, asili ya kosa lenyewe, na ukali wa adhabu inayomkabili mtu. Jina ni pa kuanzia tu. Walalamikaji Dona na Schul, wahariri wa jarida la chama cha askari wenzao, walikabiliwa na miezi kadhaa katika kikosi cha nidhamu kwa sababu ya makala. Hiyo ni jinai, wakasema majaji, na kuwasikiliza faraghani kulivunja haki yao. Siku mbili selo za Engel, mlalamikaji mwingine, zikaonekana chache mno kuwa jinai. Hapa napingana nao waziwazi: anayefungiwa hapungukiwi na haja ya hakimu huru kwa kuwa atatoka keshokutwa.

Hata hivyo Engel alishinda kwa njia nyingine. Sheria yenyewe ya 1903 iliruhusu kumshikilia askari kwa muda, kabla ya adhabu kuthibitishwa, kwa saa 24 tu. Yeye alishikiliwa takriban siku mbili, Machi 1971. Jeshi lilikuwa limevunja kanuni yake lenyewe. Novemba 1976 Mahakama iliamuru alipwe fidia ya gulden 100, fidia ya ishara tu.