Kipimo Hutangulia Malipo: Video Inapoharibika Kwenye Skrini Nzima

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linaloonekana dogo, ambalo hata hivyo huweza kumtoa mlaji fedha bila sababu. Video inaonekana vizuri ikiwa katika dirisha dogo la kompyuta ya mezani. Lakini mara inapotanuliwa ijaze skrini nzima, picha inakuwa nyeusi au kijani, inametameta, inakatika vipande, au inakwama huku sauti ikiendelea.

Mama mmoja, fundi cherehani, alitufikia na malalamiko ya namna hiyo. Yeye hujifunza mishono mipya kwa kutazama video, na bila skrini nzima hawezi kuona sindano inapopita. Kila alipotanua picha, skrini iliingia giza. Fundi wa kompyuta alimwambia, bila hata kuifungua mashine, kwamba kadi ya picha imekufa na kwamba anunue nyingine kwa shilingi 180,000. Alikuja kutuuliza kama bei hiyo ni ya haki. Tulimwomba kwanza aitazame video ileile kwa kivinjari kingine. Ikajaza skrini bila dosari. Kadi iliyokufa haifufuki kwa kubadilisha kivinjari. Kasoro ilikuwa katika mpangilio mmoja tu, nao ulirekebishwa bila kununua chochote.

Hatusemi kwamba kila fundi ni mlaghai; mafundi waaminifu ni wengi. Tunachosema ni kwamba kipimo hutangulia malipo, na vipimo vingi vya kasoro hii mlaji anaweza kuvifanya mwenyewe, nyumbani, bila bisibisi.

Yafaa tuelewe kwanza kwa nini kasoro hujitokeza picha inapotanuliwa. Picha ikijaza skrini, kompyuta huwa na nukta nyingi zaidi za kuchora, na tovuti nyingi za video hupandisha zenyewe kiwango cha ubora. Aidha, mfumo wa kompyuta huweza kubadilisha njia ya kuifikisha picha kwenye kioo. Kazi hiyo huwahusisha wanne: kivinjari, programu inayoendesha kadi ya picha, ambayo mafundi huiita draiva, kadi yenyewe, na kioo pamoja na waya wake. Kazi yetu ni kumtambua mwenye kosa kati ya hao wanne.

Kanuni ni moja: badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Jambo lisilosaidia, lirudishe lilivyokuwa. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua lipi lililomponya.

Kwanza, linganisha. Je, kasoro iko katika video moja au zote? Katika kivinjari kimoja au vyote? Cheza pia video iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Kipimo hiki hakili kifurushi cha intaneti. Ikiwa iliyohifadhiwa inajaza skrini vizuri na ile ya mtandaoni inakwamakwama, punguza ubora wake kutoka 1080 hadi 480. Ikitulia, basi mtandao wako au nguvu ya mashine haikutosha kwa ubora ule, na hakuna kilichovunjika.

Pili, anza na yaliyo mepesi. Zima kompyuta na kuiwasha upya. Sasisha kivinjari. Fungua video katika dirisha la faragha, ambalo kwa kawaida huacha nje programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari. Ikicheza vizuri humo, zima programu hizo moja baada ya nyingine hadi umpate mkosaji. Skrini ikiganda katika giza, bonyeza kitufe cha Esc. Isipotii, na ikiwa unatumia Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya picha itaanza upya, na skrini itapepesa mara moja.

Tatu, pima njia ya kuchora picha. Chrome, Edge na Firefox zina mpangilio unaokiruhusu kivinjari kuikabidhi kadi ya picha kazi ya kuchora, kwa ajili ya kuongeza kasi. Katika Chrome na Edge uko kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo. Uzime, funga kivinjari na ukifungue tena. Kasoro ikitoweka, mshukiwa mkuu ni draiva. Hapa ndipo alipopona yule mama mshonaji. Hata hivyo, mpangilio huo ukizimwa mzigo wote hubebwa na kichakataji, na mashine ya zamani huweza kuelemewa. Kwa hiyo ichukulie hatua hii kuwa kipimo, kisha sasisha draiva na uuwashe tena mpangilio. Ikiwa kasoro ilianza mara baada ya kusasisha, Windows huweza kukuruhusu kurudi kwenye draiva ya awali.

Hapa tunatoa onyo. Intel, AMD na Nvidia hutoa draiva zao bila malipo katika tovuti zao. Tangazo likichomoza kwenye skrini likidai kwamba draiva zako zimechakaa na kwamba ulipie programu ya kuzisasisha, lifunge. Usiweke namba ya kadi yako ya benki, wala usipige simu inayoonyeshwa hapo.

Nne, ikiwa skrini inametameta, bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Windows itafungua dirisha la kusimamia kazi. Dirisha hilo likimetameta pamoja na vingine vyote, elekea kwenye draiva. Likitulia huku vingine vikimetameta, elekea kwenye programu unayoitumia.

Tano, chunguza kioo na waya. Bonyeza kitufe cha menyu kilicho kwenye kioo chenyewe. Menyu hiyo huchorwa na kioo, si na kompyuta. Nayo ikitetemeka au kukatika, kioo ndicho cha kutiliwa shaka. Menyu ikiwa safi, kaza waya pande zote mbili, kisha azima waya mwingine kwa jirani kabla ya kununua mpya. Wanaotumia televisheni kama kioo cha kompyuta huona wakati mwingine kingo za picha zimekatwa. Huo si ugonjwa wa kadi: televisheni nyingi huikuza picha kidogo, na katika mipangilio yake huwa kuna chaguo la kuionyesha kwa ukubwa wake halisi.

Ndugu wananchi, zipo pia dalili za kifaa kibovu kwelikweli. Mistari au nukta za rangi zikionekana tangu nembo ya mtengenezaji inapojitokeza, kabla Windows haijaanza, kivinjari hakina hatia. Vivyo hivyo kasoro ikibaki baada ya kubadili kioo na waya, au mashine ikizimika yenyewe kila inapocheza video. Hapo nenda kwa fundi. Mashine ikiwa bado katika dhamana, usiifungue wala usimruhusu mtu wa kando aifungue. Irudishe kwa muuzaji ukiwa na risiti.

Unapofika kwa fundi, mweleze yote uliyojaribu na yaliyotokea, hata yale unayoona haya kuyasema. Mficha uchi hazai. Hifadhi mafaili yako mahali pengine kabla ya kumwachia mashine. Muulize: umepima nini, na kipimo kimeonyesha nini? Omba makadirio ya gharama kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Akibadilisha kifaa, omba akurudishie kile cha zamani. Ukilipa, dai risiti ya kielektroniki, na hakikisha kifaa kipya kimetajwa kwa jina pamoja na muda wa dhamana yake. Mwisho, kabla ya kuondoka, cheza video katika skrini nzima mbele yake kwa dakika kadhaa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumhadaa mlaji. Lakini sheria hupata nguvu pale mlaji anapokuwa na ushahidi mkononi. Karatasi yenye tarehe, dalili ulizoziona, vipimo ulivyofanya na majibu uliyopewa ina uzito kuliko maneno matupu. Mama yule alitujia na malalamiko tu, leo ana daftari dogo kando ya cherehani lake, na juu ya ukurasa wa kwanza ameandika mwenyewe: "Umepima nini?"

Tunawaomba nanyi mlichukue swali hilo mwende nalo nyumbani.