Hotuba kwa Wamiliki wa Vyombo vya Majini wa Tarime na Serengeti: Ununuzi wa Kifaa cha Ishara ya Dharura Nchi za Nje



Tangu Rorya ilipomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, ufuko wa Shirati hauhesabiwi tena kuwa wa Tarime. Hata hivyo, mwenye mtumbwi na injini Ziwa Victoria hapunguziwi dhamana ya mabaharia wake kwa kuwa yeye hulala Mugumu au Sirari.

Kifaa kinachohusika ni redio ndogo ambayo, chombo kinapopatwa na ajali, hupeleka ishara kwa megahezi 406 hadi kwenye setilaiti za mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat. Hakihitaji mnara wa simu. Kile cha chombo hutakiwa kufanya kazi kwa saa 48, na cha mtu binafsi saa 24.

Anayekifuata Nairobi, Dubai au Uingereza na ajihadhari na bei nafuu. Setilaiti ziliacha kupokea ishara za vifaa vya zamani vya megahezi 121.5 tarehe 1 Februari 2009. Taa yake huwaka, na mnunuzi huridhika.

Jambo kubwa zaidi ni namba. Kila kifaa hubeba namba ya nchi: 634 ni ya Kenya, 675 ya Uganda, 674 na 677 za Tanzania. Kikiletwa na namba ya ugenini, waokoaji huenda wakapata mahali kilipo, lakini watakapouliza chombo ni cha nani na kina watu wangapi, rejista ya nchi ile haitakuwa na jibu. Na swali hilo huja mapema, kwani ishara nyingi hupigwa kwa bahati mbaya, na simu kwa mwenye kifaa ndiyo huthibitisha haraka. Kwa hiyo muuzaji atakiwe kuweka namba ya Tanzania kabla ya kulipwa.

Kabla ya safari, ushauri uombwe kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na idhini ya kifaa cha redio kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Betri za lithiamu ni mzigo wa hatari ndegeni. Shirika la ndege liulizwe. Kwenye mpaka wa Sirari kifaa kitajwe kwa forodha pamoja na stakabadhi. Kilichopita njia za panya mwenyewe huogopa kukiandikisha, na kisichoandikishwa hakina jina la kuulizia.

Isidhaniwe kuwa kifaa hiki kinatosha. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati ya Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 walikufa huku nchi kavu ikionekana. Jaketi za kujiokolea ziwepo, na abiria wasizidi.

Chombo kinapouzwa pamoja na kifaa chake, rejista ibadilishwe siku hiyo hiyo. Vinginevyo simu ya waokoaji itapigwa kwa mwenye chombo wa zamani.