Mazungumzo na Wananchi: Mafunzo ya Udereva wa Magari Makubwa Yanayolipiwa na Kampuni

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi, hasa wazee wenye watoto na jamaa wanaoishi Marekani ambao wanafikiria kuingia katika kazi ya udereva wa magari makubwa ya mizigo.





Ni jambo linalofahamika kwamba familia nyingi za Visiwa hivi, za mjini na za mashamba, zina jamaa zao ng'ambo. Miongoni mwa vijana walioko Marekani, wakiwemo Wazanzibari na wasemaji wengine wa Kiswahili kutoka Kenya na Kongo, kazi ya kuendesha malori imewavutia wengi. Sababu zake ziko wazi. Kazi hiyo haihitaji shahada ya chuo kikuu, mafunzo yake huchukua wiki chache tu, na mapato yake huweza kuwa bora kuliko ya kazi za usafi au za kupakia mizigo katika maghala.

Mara nyingi habari hufika nyumbani kwa simu ya usiku. Kijana humwarifu mzee wake kwamba ipo kampuni itakayomsomesha bure, itamlipia nauli ya basi na malazi, na hatimaye itamwajiri. Anachotaka ni radhi na dua, kwani Jumatatu anaondoka. Mzee hufurahi, humtakia kheri, na simu hukatwa. Suala moja huwa halikuulizwa, nalo ni hili: kijana akiacha kazi kabla ya muda kumalizika, atadaiwa nini?

Mazungumzo haya yanahusu suala hilo.

SHERIA INAVYOELEZA

Leseni za udereva wa biashara nchini Marekani zinatokana na sheria ya mwaka 1986, na kuanzia tarehe 1 Aprili, 1992 dereva wa gari kubwa hakuruhusika tena kufanya kazi bila ya leseni hiyo. Leseni hutolewa na jimbo, lakini viwango huwekwa na Serikali Kuu. Leseni ya daraja A ndiyo inayomruhusu dereva kuendesha lori lenye tela, pale uzito wa jumla unapofikia ratili 26,001, yaani kiasi cha kilo 11,794, na tela peke yake likawa na uzito unaozidi ratili 10,000.

Tangu tarehe 7 Februari, 2022 hapana mtu anayeruhusiwa kufanya mtihani wa vitendo wa kupata leseni hiyo kwa mara ya kwanza bila ya kusomeshwa na mkufunzi au skuli iliyomo katika daftari la Serikali Kuu. Mwanafunzi husomeshwa nadharia, na hulazimika kupata angalau asilimia 80 katika mtihani wake. Hufundishwa pia kuliendesha gari uwanjani na barabarani. Kabla ya mtihani wa vitendo, huwa ameshikilia kibali cha mwanafunzi kwa muda usiopungua siku 14. Kuwemo katika daftari si dhamana ya daima: mwezi Desemba, 2025 ilitangazwa kwamba karibu watoaji mafunzo 3,000 wangeondolewa kwa kutotimiza masharti. Kwa hivyo, jina la skuli litazamwe katika daftari kabla ya safari.

Aidha, dereva anayevuka mpaka wa jimbo hutakiwa awe ametimiza miaka 21, awe na cheti cha afya, na apimwe dawa za kulevya kabla ya kuajiriwa. Bangi humharibia mtu kazi hii hata katika majimbo yaliyoihalalisha, na mirungi imekatazwa na sheria za nchi hiyo. Hali kadhalika, dereva hutakiwa ajue Kiingereza cha kuzungumza na maafisa na kusoma alama za barabarani. Sharti hili ni la zamani, lakini tangu tarehe 25 Juni, 2025 dereva anayeshindwa kulitimiza husimamishwa pale pale barabarani. Mwenye kibali cha muda cha kuishi nchini humo inampasa kwanza kuuliza katika afisi ya leseni ya jimbo lake, kwani masharti yanayomhusu yamekuwa yakibanwa tangu Septemba, 2025.

NJIA TATU ZA KUPATA MAFUNZO

Njia ya kwanza ni kujilipia katika skuli ya binafsi, ambako ada hufikia maelfu ya dola. Anayepita njia hii hutoka hana mkataba wa kumfunga, na huichagua kampuni aitakayo.

Njia ya pili ni vyuo vya jamii na misaada ya umma. Ipo sheria ya mwaka 2014 inayoziwezesha afisi za kazi za serikali kuwalipia ada watu wa kipato kidogo na wale waliopoteza kazi. Njia hii huhitaji subira na karatasi nyingi, na si kila mwombaji hukubaliwa. Wengi hawaiulizii kabisa kwa kuwa hawajui kwamba ipo.

Njia ya tatu ni kampuni ya usafirishaji kumlipia mwanafunzi. Kampuni humpeleka katika skuli yake au skuli iliyoafikiana nayo, na akishapata leseni humpakia pamoja na dereva mkufunzi kwa wiki kadhaa, kabla ya kumkabidhi gari. Si haki kuilaumu njia hii kwa jumla. Kwa kijana asiyekuwa na akiba, ni mlango uliofunguliwa. Kazi huwa inamsubiri, ilhali kampuni nyingi hazimtaki dereva mgeni asiyekuwa na uzoefu. Leseni anayoipata ni yake mwenyewe, wala kampuni haina uwezo wa kumnyang'anya.

BEI YA KITU CHA BURE

Hata hivyo, wazee walisema rahisi inavunja upishi. Kampuni hailipi kwa sadaka. Mwanafunzi hutia saini mkataba kwamba atafanya kazi kwa muda maalum, aghlabu miezi kadhaa hadi mwaka au zaidi, na akiondoka kabla ya hapo atalipa gharama za mafunzo. Neno "bure" lililomo katika tangazo huwa na maana ya "bure kwa atakayemaliza muda".

Uchukuliwe mfano wa hesabu tu. Kijana ametia saini mkataba wa miezi 12, na gharama za mafunzo zimeandikwa kuwa dola 6,000. Mwisho wa mwezi wa nane mama yake anaugua huku nyumbani, naye analazimika kuacha kazi. Iwapo mkataba unasema deni hupungua kila mwezi, atakuwa amefuta dola 500 mara nane, na atabakiwa na dola 2,000. Iwapo unasema deni halipungui mpaka siku ya mwisho, atadaiwa dola 6,000 zote, kana kwamba ile miezi minane hakuifanyia kazi. Tofauti hiyo ya dola 4,000 imo katika sentensi moja ya mkataba.

Deni la namna hiyo huweza kukatwa katika mshahara wa mwisho, kwa kadiri sheria ya jimbo inavyoruhusu, au kukabidhiwa kwa wakusanya madeni. Likishaingia katika kumbukumbu za mikopo, kijana huona uzito kupata hata nyumba ya kupanga. Nyumbani nako, fedha iliyokuwa ikiletwa kwa ajili ya dawa na ada za wadogo zake husita. Hivyo, aliyetia saini ni mmoja, lakini wanaolipa ni nyumba nzima.

Mambo haya yameshafika katika ngazi za Serikali nchini humo. Mwezi Julai, 2023 taasisi ya Serikali Kuu inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha ilitoa ripoti juu ya hatari ya madeni yanayotokana na waajiri. Jimbo la California nalo limepitisha sheria inayoiwekea vizuizi mikataba ya "baki au lipa" iliyofungwa kuanzia tarehe 1 Januari, 2026. Katika majimbo mengine sheria hazifanani. Kwa hivyo ni vyema kijana aulize ni sheria ya jimbo gani itakayotumika.

MALIPO NA GARI LA KUKODISHWA

Madereva wengi wa safari ndefu hulipwa kwa maili. Sheria humruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 tu, ndani ya muda wa saa 14, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Wiki ambayo mizigo ni haba au foleni ya kupakia ni ndefu, maili hupungua na mapato hupungua. Kwa mfano wa senti 50 kwa maili, wiki ya maili 2,000 ni dola 1,000, na wiki ya maili 1,200 ni dola 600. Muda wa mkataba unaendelea katika wiki zote mbili.

Jambo jengine la kuangaliwa sana ni pale kampuni inapomshauri dereva mpya asiwe mwajiriwa, bali awe "mkandarasi" na akodi lori kutoka kwa kampuni hiyo hiyo kwa ahadi ya kulimiliki baadaye. Hapo mafuta, matengenezo na kodi ya gari humwangukia yeye, wakati anayempangia mizigo ni yule yule anayemdai. Kamati iliyoundwa na Serikali Kuu kuchunguza mikataba hiyo ilipendekeza mwezi Januari, 2025 kwamba ipigwe marufuku. Kabla ya hapo, tarehe 15 Januari, 2019, Mahkama Kuu ya Marekani katika kesi ya New Prime dhidi ya Oliveira iliamua kwamba dereva wa aina hii, hata akiitwa mkandarasi, hawezi kulazimishwa kwa sheria ya usuluhishi ya mwaka 1925 kuiacha mahkama. Uamuzi huo ni msaada, lakini kesi huchukua miaka, na kodi ya gari hudaiwa kila wiki.

MASUALA YA KUULIZWA KABLA YA SAINI

Kijana anashauriwa apate majibu ya masuala yafuatayo kwa maandishi, si kwa mdomo wa mwajiri:

(a) Deni ni dola ngapi, na linajumuisha nini? Je, nauli, malazi na riba zimo?

(b) Deni linapungua kila mwezi, au linabaki zima hadi mwisho?

(c) Muda unaanza kuhesabiwa lini: siku ya kuingia skuli, siku ya kupata leseni, au siku ya kukabidhiwa gari?

(d) Akifukuzwa, akiugua, au akifeli mtihani, atadaiwa?

(e) Wakati wa mafunzo, na wakati anapofuatana na dereva mkufunzi, analipwa kiasi gani?

(f) Ataajiriwa kuwa mfanyakazi, au mkandarasi?

(g) Atarudi nyumbani kwake kila baada ya siku ngapi?

Kampuni yenye nia njema haitaona vibaya kuyajibu. Inayomhimiza mtu atie saini siku ile ile, bila ya kumpa nakala ya kuondoka nayo, imeshajibu.

WAJIBU WA WAZEE NA JAMAA

Wananchi wa Visiwa hivi wamelelewa juu ya mafundisho kwamba deni la muda huandikwa na mashahidi huwekwa. Mafundisho hayo hayaishii kwenye mipaka ya bahari. Mzee anayepigiwa simu asiharakishe kutoa hongera. Amwambie kijana ausome mkataba, sentensi baada ya sentensi, na auleze kwa Kiswahili. Pale atakaposhindwa kueleza, ndipo penye jambo la kumuuliza mwanasheria au mtu aliyekwishapita njia hiyo. Kijana naye asione haya kusema hajafahamu.

Akiridhika kwamba muda anaumudu, deni linapungua na malipo yanamtosha, basi aende kwa moyo mkunjufu na autimize mkataba wake mpaka siku ya mwisho, kwani ahadi ni deni. Asiporidhika, njia mbili nyengine bado zipo, na kuchelewa miezi mitatu si hasara kubwa mbele ya kulipa kwa mwaka mzima. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Wananchi wanaombwa wawafikishie ujumbe huu jamaa zao walioko huko kabla hawajapanda basi.