Siku Moja katika Barabara ya Bahari Kuu

Jioni ya leo nataka kuwasimulia safari ya siku moja niliyosafiri mwaka 2019 katika nchi ya Australia, mimi na mwenzangu mmoja, mwalimu kama mimi. Njia tuliyoifuata yaitwa Great Ocean Road, maana yake Barabara ya Bahari Kuu. Urefu wake ni kilometa 243, nayo yafuata pwani ya kusini ya jimbo la Victoria.

Kwanza niwaeleze chombo chetu. Kilikuwa motakaa kubwa iliyofanywa nyumba: nyuma ya kiti cha dereva mna kitanda, jiko dogo la gesi, tangi la maji na kabati la vyombo. Amjuaye kobe atafahamu mara moja: tulikwenda na nyumba yetu mgongoni. Lakini nyumba ya namna hiyo ni nzito, nayo haipendi kona. Na njia ile ina kona nyingi mno.

Tuliondoka mji wa Torquay alfajiri. Huko magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, nasi tulikuwa tukielekea magharibi. Kwa hiyo bahari ilikuwa kushoto kwetu, na mlima kulia. Kabla ya kufika mji wa Lorne tulipita chini ya lango kubwa la magogo, lililowekwa kuwa ukumbusho wa waliojenga njia. Tukasimama, tukashuka.

Basi sikilizeni habari zao. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha mwaka 1918, askari wengi walirudi kwao hawana kazi. Mwaka uliofuata wakaanza kuichonga njia hii katika majabali, nao kwa jumla walipata kama 3,000. Walitumia sururu, makoleo, baruti na vigari vya mkono, wakalala katika mahema. Baadhi yao, walionusurika na risasi, walikufa katika kazi hiyo. Kazi ikaisha mwaka 1932. Howard Hitchcock, aliyekuwa Meya wa mji wa Geelong, ndiye aliyejitahidi sana kuitafutia fedha. Naye alifariki mwaka huo huo, miezi michache kabla ya kufunguliwa. Siku ya sherehe motakaa yake iliendeshwa katika msafara, mwenyewe hayumo.

Sisi katika Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa tunazo sanamu za ukumbusho wa askari na wachukuzi wa vita ile ile. Watu wa Victoria waliwakumbuka wafu wao kwa njia, na kila apitaye huikanyaga kazi ya mikono yao. Tangu hapo nilimwona mwenzangu akiendesha polepole zaidi, wala sikumwuliza sababu.

Adhuhuri tulipumzika penye mto Kennett, tukapika chai. Juu ya mikalitusi walilala koala, wanyama wenye manyoya ya kijivu, ambao chakula chao ni majani ya miti hiyo. Tulipoupita mji wa Apollo Bay, njia iliiacha bahari ikaingia msituni, penye miti mirefu na majani ya jamii ya kangaga makubwa kama miavuli. Alasiri tukatokea tena pwani.

Hapo ndipo penye nguzo za mawe ya chokaa zisimamazo baharini peke yake, ziitwazo Mitume Kumi na Wawili. Jina ni kubwa kuliko hesabu, maana hazikupata kuwa kumi na mbili. Mwaka 2005 moja ilianguka, zikabaki nane. Ukielekea kusini toka pale hukuti nchi nyingine mpaka barafu ya Antaktiki. Kwa hiyo mawimbi huja na nguvu zao zote. Hula mwamba kwa chini, hufanya pango; pango likitoboka huwa tao; tao likivunjika hubaki nguzo; na nguzo nayo siku yake huja.

Jua lilipokuwa likishuka tulifika penye mwamba ulioitwa London Bridge. Ulikuwa kama daraja la matao mawili, na watu waliruhusiwa kutembea juu yake. Tarehe 15 Januari, 1990, tao la upande wa nchi kavu lilianguka ghafula. Watu wawili wakabaki ng'ambo, wamezungukwa na maji, hata wakaja kuchukuliwa kwa helikopta. Hakuna aliyeumia.

Mbele yetu palikuwa na uzio. Nami, kwa aibu nasema, nilitaka kuuruka nipige picha. Nikasema, "Ndugu yangu, ni hatua mbili tu."

Akanijibu, "Mwalimu, wale wawili walikuwa katika njia halali, na mwamba ukawavunjikia nyuma yao. Sembuse wewe unayeruka uzio?"

Nilinyamaza. Miaka mingi nimewaambia wanafunzi kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu; siku ile nilikuwa mwanafunzi mimi.

Usiku tulilala katika uwanja wa kambi wa Peterborough, mji wa jirani, tukisikia mawimbi yakifanya kazi yao. Nikawaza: askari wale walichonga mwamba miaka kumi na mitatu ili watu wapite salama, nami nusura nipoteze maisha kwa ajili ya picha.

Wasikilizaji wangu, nanyi mkisafiri, pwani yo yote iwayo, utazameni uzuri wake kwa macho yote mawili, lakini miguu yenu ibaki njiani. Kwaherini.